Vidudu kwenye vitabu vya baba

SWALI: Shikamoo dada, nyumba yetu Mikocheni imejaa vitabu vya marehemu baba, tangu masika yaanze nikifungua kimoja naona vidudu vyeupe vidogo sana vinakimbia kwenye mshono wa kurasa. Nipulize dawa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Dawa usipulize kabisa, itaharibu karatasi bure. Hao ni chawa wa vitabu, hawaumi, wanakula ukungu, kwa hiyo pambana na unyevu, sogeza shelfu mbali na ukuta, futa vitabu kwa brashi kavu, washa feni au AC, unyevu wa hewa ukikaa chini ya asilimia 50 wiki kadhaa wanakauka wanakufa. Vilivyozidiwa vifunge kwenye mfuko wa plastiki, weka friza wiki nzima, ukivitoa usifungue mpaka ubaridi uishe, la sivyo vitalowa.