Jibu: Kuuza nguo za kigothi ukifikisha miaka 40

Usiuze, dada. Umeandika kwamba umetimiza miaka 40, umepata kazi ya ofisini hapa Leeds, na tayari umezitangaza nguo zako zote za kigothi, yaani mavazi meusi ya sisi wapenzi wa muziki wa kigiza, mtandaoni, ndipo ukauliza habari za nywele zinazopukutika na malazi ya Whitby, mji wa pwani wenye tamasha letu wagothi, ukiwa na mtoto. Mimi niliuza za kwangu katika umri huohuo, na hadi leo roho inaniuma.

Aliyenipoteza ni mwenye duka la mitumba, aliyenitazama juu hadi chini akanihakikishia kwamba ugothi ni mambo ya vijana na soko lake limekufa. Koti langu la mahameli alilichukua kwa bei ya kutupa, kisha akalitundika dirishani kwa bei ambayo mimi mwenye koti nisingethubutu kuitaja. Hilo koti lakini ni dogo. Shanga zangu nyeusi alizipima kiganjani, akasema ni plastiki kwa kuwa ni nyepesi, kumbe zilikuwa jiwe lenyewe la Whitby, yaani mti wa kale uliogeuka mfano wa makaa, ambalo Malkia Victoria alilivaa kwa msiba baada ya mumewe kufariki mwaka 1861. Laiti ningezisugua kwenye kigae kisichong'arishwa, zingeacha mstari wa kahawia na bwana yule angekosa la kusema. Kabatini nilibaki na soksi nyeusi, ambazo hata mhasibu anazo.

Na mambo ya vijana gani hayo? Mwanasosholojia Paul Hodkinson aliwachunguza wagothi wa makamo wa Uingereza, akakuta watu waliopunguza wanja na nywele za kusimama, wakalea watoto, lakini wakaendelea kuhudhuria shughuli za kigothi kwa sababu wenzao nao walikuwa wanazeeka. Tamasha la Whitby lilianza mwaka 1994. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amepita 50, na ngazi 199 za kwenda kanisani anazipanda akipumzika palepale wabeba jeneza walipokuwa wakipumzika. Kwetu sisi hiyo ni heshima.

Punguza, usiuze. Ofisini vaa suti nyeusi na buti zilizong'arishwa; mahameli yatundike ndani ya mfuko wa pamba, maana plastiki hufungia unyevu. Ya nywele na malazi nitayaandika jioni, nikikuta tangazo lako limeondolewa.