Sauti ndani ya chuma chenye sumaku

Ndugu, umeuliza kama sauti hubadili mwendo ikipita kwenye chuma kilichotiwa sumaku. Ndiyo, ila kidogo sana. Hewani sauti hukimbia mita 340 hivi kwa sekunde. Ndani ya chuma hufika karibu 5,900. Sasa, chuma kimegawanyika maeneo madogo mno, kila moja na sumaku yake iliyoelekea upande wake. Wimbi la sauti likipita linalibana na kulivuta kila eneo, nalo hujigeuza kidogo, hivyo chuma kinakuwa kama kimelegea. Ukikitia sumaku kali, maeneo yote yanashikwa upande mmoja, chuma kinakaza, sauti inaongeza kasi. Kwenye nikeli, metali nyingine inayoshika sumaku, badiliko hilo ni kubwa zaidi.

Usianze kwa kupima kasi nyumbani, utakata tamaa bure. Anza kwa kusikiliza transfoma ya mtaani usiku, ukiwa mbali nayo salama. Ule mvumo mzito ni chuma cha ndani, ambacho maeneo yake madogo hugeuzwa na sumaku ya umeme, kikirefuka na kufupika mara 100 kwa sekunde, maana umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na sumaku hufika kilele mara mbili kila mzunguko. Mwanafizikia Mwingereza James Joule alieleza badiliko hilo la urefu mwaka 1842.