Kumnyoa farasi mdogo kabla ya maonyesho

Ndugu, umeuliza kama unaweza kumnyoa farasi wako mdogo siku moja kabla ya maonyesho, na kwa nini mara ya mwisho alibaki na mistari mwili mzima.

Siku moja ni kuchelewa. Mnyoe siku 7 hadi 14 kabla, ili manyoya yaote kidogo na alama zififie.

Mistari mara nyingi huletwa na uchafu. Vumbi lililojificha chini ya manyoya ya baridi hufanya wembe wa mashine uwe butu haraka, kisha unaanza kuvuta badala ya kukata. Muogeshe kwa shampuu, umsuuze mpaka maji yatoke safi, na usubiri akauke kabisa hadi kwenye ngozi. Nyoa kinyume na manyoya yanavyolala, kwa mikupuo mirefu inayopandana kidogo. Penye mikunjo, kama kwenye kiwiko, vuta ngozi kwa mkono wa pili. Wembe namba 10 (namba huonyesha unakata karibu kiasi gani na ngozi) unafaa mwilini. Kila baada ya dakika chache uguse kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, zima, tia mafuta, ngoja upoe. Tafadhali usilipuuze hili, farasi akiungua mara moja ataiogopa mashine.

Sharubu za mdomoni na za kuzunguka macho mwachie, anazitumia kuhisi vitu vilivyo karibu. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilipiga marufuku kuzinyoa tangu 2021.

Usiku wa baridi mvishe blanketi.