Magaga ya visigino: maji kwanza, mafuta baadaye

Msomaji wa Njombe ameniandikia kwamba anapaka mafuta ya nazi kila asubuhi, na bado visigino vinapasuka mpaka vinanasa kwenye shuka. Mafuta hayana kosa. Hayaongezi maji kwenye ngozi, yanazuia tu yaliyomo yasitoke, kwa hiyo ukipaka juu ya ngozi kavu unaufungia ukavu ndani.

Ngozi ya unyayo haina tezi za mafuta. Ukikanyaga, kisigino hutanuka pembeni, na ngozi nene iliyokauka haivutiki, inachanika. Ndiyo maana magaga huanzia ukingoni, na wavaa ndala huteseka zaidi: hakuna kinachokishika kisigino kwa nyuma. Ongeza baridi kavu ya Juni hadi Agosti huko nyanda za juu.

Fanya usiku. Loweka miguu dakika 15 kwenye maji ya vuguvugu, si ya moto, maana ya moto yanaondoa hata mafuta kidogo yaliyopo. Limau na magadi viacheni jikoni. Limau linachoma kwenye ufa, magadi yanaiharibia ngozi asidi yake ya asili, na hakuna kati ya hivyo kinacholainisha kuliko maji yenyewe.

Kisha sugua kwa jiwe la miguu ngozi ikiwa bado imelowa, dakika moja au mbili kila kisigino, mara 2 kwa wiki inatosha. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanasugua pakavu, kila siku, mpaka panawaka moto. Ngozi ikisuguliwa sana hujilinda kwa kuota nene zaidi. Wembe usiuguse kabisa. Kausha kwa kugandamiza taulo, acha unyevunyevu, paka mafuta papo hapo, vaa soksi za pamba ulale.

Mafuta ya nazi peke yake ni mepesi. Hapa Pwani yanamwagika kama maji na kuishia kwenye shuka. Yape nta ya nyuki, wauza asali wanayo. Gramu 20 za nta kwa gramu 80 za mafuta. Kwaruza nta, weka vyote kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, koroga mpaka iyeyuke, mimina kwenye kopo. Usiweke bakuli moja kwa moja motoni, na tone la maji lisiingie, litaotesha ukungu. Ikigandia ngumu kama mshumaa, yeyusha tena uongeze vijiko viwili vya mafuta.

Gliserini nayo ni nzuri, ila ichanganye na maji, sehemu 1 ya gliserini kwa 2 za maji, kisha funika kwa ile marhamu ya nta na nazi. Na kama una mafuta ya mgando ya dukani, tumia bila aibu. Si ya asili, lakini yanaziba vizuri kuliko nazi, na mguu hauulizi asili.

Ukiona muwasho katikati ya vidole na ngozi inayotoka kama unga, hiyo huenda ni fangasi. Nta haitaitibu, tafuta dawa yake. Ufa unaotoa damu usiusugue: osha, paka, funga bandeji mpaka ufunge. Mwenye kisukari asitumie jiwe wala asiloweke miguu, aioshe tu, na joto la maji apimiwe na mtu mwingine, kwa kuwa mguu wake unaweza kuungua bila yeye kuhisi. Kidonda chochote hapo ni cha kliniki siku hiyohiyo.