Maswali ya Wasomaji: Twiga Akisimulia Safari ya Baharini

Swali

Ndugu Mhariri, baada ya salamu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Malindi, na ninaandika riwaya ya kihistoria kuhusu twiga aliyepelekwa China katika enzi ya Mfalme Yongle. Msimulizi ni twiga mwenyewe. Wenzangu waliosoma sura za mwanzo wanasema kwamba mnyama hawezi kujua mwaka, wala nchi aendako, wala sababu ya kutumwa, na kwa hiyo msomaji atapotea. Wanaongeza kwamba mnyama anayesimulia ni mambo ya ngano za Sungura na Fisi. Mimi nami nina shida yangu: habari za kupokelewa kwake China nimezipata, lakini maisha yake chomboni sijayaona popote. Je, nimkabidhi baharia usimulizi?

Mwalimu, Malindi

Jibu

Mwalimu, nakusihi usimwondoe twiga. Wenzako wamesema kweli kwamba hajui aendako, lakini hiyo ndiyo nguvu ya riwaya yako. Baharia akisikia jina la Kalikuti, mji wa pwani ya Bara Hindi, hukumbuka bandari, bei na watu aliowaacha huko. Twiga anachojua ni kwamba sakafu imeanza kusogea chini ya kwato zake, kwamba majani aliyoyazoea yamekwisha, na kwamba kuna mtu mmoja, ambaye harufu yake anaitambua, anayemletea maji. Msomaji anaijua historia kuliko msimulizi, na taharuki huzaliwa katika pengo hilo: sisi tunaona zawadi ya kifalme, yeye anaona kamba.

Kwa hiyo sentensi kama "tuliwasili mwaka 1414" isitoke kinywani mwake. Tarehe ziweke katika dibaji fupi, kisha umwachie upepo kazi ya kalenda. Chombo kinachotoka pwani yetu kwenda Bara Hindi husukumwa na kusi, yaani upepo utokao kusini, na manahodha walipendelea mwanzo au mwisho wa msimu huo kwa sababu katikati yake, mwezi wa Juni na Julai, bahari huchafuka mno na bandari za magharibi mwa Bara Hindi hazikufikika kwa usalama. Twiga hahitaji kulijua jina la kusi. Inatosha ahisi ni ubavu upi unaopigwa na upepo, na kwa siku ngapi mfululizo, na msomaji wa pwani atajua mara moja ni majira gani.

Kabla ya kuendelea, amua unamwandika twiga yupi. Yule aliyefika Nanjing mwaka 1414 alitumwa na Sultani wa Bengali, maana yake alikwisha kuvuka bahari mara moja na kuishi katika nchi ya ugenini kabla ya safari ya pili. Wa mwaka 1415 aliletwa na ujumbe wa Malindi yenyewe. Hizi ni riwaya mbili tofauti: mmoja ameshajifunza kuwaogopa au kuwaamini wanadamu wa aina nyingi, mwingine yungali mgeni kwa kila kitu. Mimi ningemchagua wa Bengali, kwa kuwa mnyama aliyeng'olewa mara mbili ana kumbukumbu za kulinganisha, na msimulizi asiye na cha kulinganisha huchosha upesi.

Kuhusu ngano, wenzako wanachanganya mambo mawili yanayostahili heshima sawa. Sungura wa ngano ni mwanadamu aliyevikwa masikio marefu. Ujanja wake, tamaa yake na kesi zake mbele ya Simba ni za kijijini kwetu, na ndiyo maana zinatufundisha. Twiga wa riwaya hana budi kubaki twiga. Hulala kidogo sana, mara nyingi akiwa amesimama, macho yake yako pande mbili za kichwa, hivyo huona karibu kila upande bila kugeuka, hucheua, na ni mkimya. Hebu tazama jinsi maumbile hayo yanavyomfaa msimulizi! Zamu ya usiku inapokaribia alfajiri na mabaharia wamejilaza, yeye yu macho, na anaweza kushuhudia wizi wa maji, ugomvi wa kunong'onezana, au sala ya mtu aliyeogopa, bila yeyote kumjali kama shahidi. Hata kulala chini ni hatari kwake, kwa kuwa ili asimame tena ni lazima aitupe shingo mbele kwa nguvu, na shingo hiyo inahitaji nafasi. Sura nzima ya dhoruba inaweza kujengwa juu ya jambo hilo moja.

Naam, maisha yake chomboni. Hapo una ruhusa ya kubuni, lakini ubuni juu ya msingi. Upo msafiri mwingine anayekufaa: twiga jike ambaye Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimpelekea Mfalme Charles X wa Ufaransa. Alivuka kutoka Alexandria hadi Marseille mwaka 1826, akawekwa ngamani, yaani chini tumboni mwa chombo, na sitaha ikatobolewa ili shingo yake ipate kutokeza juu. Ng'ombe walisafirishwa pamoja naye ili apate maziwa, naye mwaka 1827 akatembezwa kwa miguu hadi Paris. Fikiria, mwalimu: mwili gizani, katika joto la ngama na harufu ya wanyama wenzake, na kichwa juani, katikati ya mabaharia. Kiumbe mmoja anaishi katika sehemu mbili za chombo kwa wakati mmoja. Usiichukue picha hiyo kama ilivyo, bali jiulize ni mahitaji gani yaliyoizalisha, yaani nafasi ya shingo, maziwa, maji, mtunzaji anayejulikana, kisha uyatafutie ufumbuzi wa karne ya 15. Kuhusu chakula, Ma Huan, mkalimani aliyesafiri na misafara ya Zheng He, amiri wa majeshi ya majini wa Mfalme Yongle, anamweleza twiga aliyeonekana Aden kuwa alilishwa nafaka, kunde na mikate ya unga. Mnyama wa kula majani ya migunga anapewa mkate: usiipite sura hiyo haraka.

Vyombo navyo visifanane. Ukimtoa Malindi kwa mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu, basi ausikie mlio wa mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi na maji yanayotolewa chomboni usiku na mchana, auone mkeka wa tanga ukitwekwa, anuse sifa, yaani mafuta ya papa, iliyopakwa ubaoni. Akihamishiwa chombo cha Kichina, ambacho tumbo lake limegawanywa kwa kuta, sauti ya mawimbi ibadilike mara moja. Na ujihadhari na vitu ambavyo vilikuwa havijafika: mahindi, muhogo, pilipili kali na nanasi vyote asili yake ni bara la Amerika, na Vasco da Gama, Mreno aliyewafungulia Wazungu njia ya bahari hadi kwetu, alitia nanga Malindi mwaka 1498, yaani miaka zaidi ya themanini baada ya twiga wako. Nimeona katika miswada watu wa kale wakila ugali wa mahindi, na tangu hapo sikuamini tena neno lolote la mwandishi, hata alipokuwa mkweli.

Najua pia utashawishika kuiingiza ile sarafu ya enzi ya Yongle iliyofukuliwa Mambrui mwaka 2010. Iingize, lakini kwa twiga iwe kijiduara chenye tundu la mraba katikati, kinachotoa mlio mkononi mwa mtu, basi.

Swali

Ndugu Mhariri, ninaandika hadithi ya paka wa jahazi kati ya Sur, bandari ya Omani, na Zanzibar katika karne ya 19. Paka ndiye msimulizi, na katika mpango wangu anakufa kabla ya jahazi kurudi. Nani amalizie?

Msomaji, Muscat

Jibu

Ndugu yetu wa Muscat, usimpe paka sauti baada ya kufa, na usimweleze msomaji kwamba amekufa. Matthew Flinders, nahodha Mwingereza, alikuwa na paka aitwaye Trim, aliyezaliwa melini mwaka 1799, akalizunguka bara la Australia pamoja naye, akanusurika meli ilipovunjikia mwambani mwaka 1803, kisha akapotea Mauritius wakati Flinders alipokuwa kizuizini mwa Wafaransa. Hapakuwa na tukio la kifo la kusimulia. Paka alikuwapo, kisha hakuwapo, na bwana wake akaandika kumbukumbu yake akiwa bado amezuiliwa.

Fanya hivyo: paka asimulie safari ya kwenda kwa upepo wa kaskazi, yenye harufu ya tende na samaki wa chumvi, na usimulizi ukatike Unguja, katikati ya jambo analolifanya kila siku. Safari ya kurudi kwa kusi, yenye boriti na karafuu, mkabidhi nahodha kwa lugha kavu ya hesabu za shehena. Angalia tu kwamba siku na pepo katika hesabu zake zinalingana na zile alizozihisi paka, kwa kuwa msomaji makini atarudi nyuma kuzilinganisha.