Shangazi, niache jeshi sasa au nisubiri pensheni?

*Shangazi, mimi ni kapteni katika jeshi la anga, nina miaka 36, na nimerusha helikopta za Mi-17 kwa miaka tisa. Mwenzangu tuliyeanza naye urubani sasa anarusha ndege za abiria, na kila tukikutana huniuliza ninangoja nini. Mke wangu anataka nisubiri pensheni. Barua ya kuacha kazi nimekwisha kuiandika, imo kwenye droo. Niipeleke lini? – Afande wa Entebbe*

Mwanangu Afande,

Barua hiyo ibaki kwenye droo kwa sasa, ila usiisahau humo. Wewe unaipima tarehe ya kuondoka kwa maneno ya rafiki, mke wako anaipima kwa pensheni, na hakuna kati yenu aliyelifungua daftari lako la saa za kuruka, ambalo hata mimi hukuniambia lina nini.

Marubani wa helikopta hupenda kuamini kwamba saa ni saa. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya juu kabisa ya kurusha ndege za abiria hudai saa 1500, na ni mamlaka ya usafiri wa anga inayoamua ni saa ngapi za helikopta zitakazohesabiwa humo. Hata ili uanze kama rubani msaidizi utahitaji leseni ya biashara ya ndege za mabawa, pamoja na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndegeni pale usipoona nje. Ofisi za mamlaka ziko hapo hapo Entebbe: peleka daftari lako, na uombe jibu la maandishi. Ukisikia kwamba Marekani rubani wa jeshi hupewa leseni yenye masharti akiwa na saa 750 tu, kumbuka kwamba hiyo ni kanuni ya kwao.

Pengo hilo lizibe ukiwa bado unapokea mshahara. Chuo cha urubani cha Soroti kimekuwapo tangu mwaka 1971, na ada unayoilipa huku watoto wanakula haiumi kama ile unayoilipa kwa akiba ya mwisho. Usisome kwa kujificha, maana afisa haondoki jeshini kwa kuacha barua mezani; ombi lake lazima likubaliwe, na anayeondoka bila ruhusa hutafutwa kama mtoro. Mkuu wako akisikia habari hii kwako kwanza, siku ya ombi itakuwa nyepesi zaidi. Kama serikali ilikulipia mafunzo ng'ambo, soma upya ulichotia saini.

Mke wako nisingependa umpuuze, kwa sababu anayelea watoto ana haki ya kuuliza watakula nini. Mkae pamoja mpige hesabu hii. Safari za kibiashara za kimataifa zina kikomo cha umri cha miaka 65, hivyo ukiingia ukiwa na miaka 38 una miaka 27 mbele yako, na ukingoja hadi 50 utabaki na 15. Tena katika mashirika mengi zamu nzuri na kupanda cheo hufuata siku uliyoajiriwa, si nyota za begani. Wewe kapteni wa jeshi utakaa kiti cha kulia ukimsaidia kapteni ambaye huenda umemzidi umri, na hilo (nimeliona kwa wanaume wengi) huuma kuliko mshahara mdogo.

Kwa maoni yangu, lenga miaka miwili kuanzia sasa, ukiwa na leseni mkononi na jibu la shirika moja angalau. Usiweke tumaini lote kwenye shirika letu la taifa, Uganda Airlines, lililofufuliwa mwaka 2019, kwani ndege zake bado ni chache na viti vya marubani ni vichache vilevile.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja Soroti, nenda ukapimwe afya ya daraja la kwanza kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka, wakuangalie macho, masikio na moyo. Miaka tisa ndani ya kelele za Mi-17 si mchezo kwa masikio, na heri ulijue hilo mwezi huu, ukiwa bado na kazi.