Kovu la usoni baada ya saratani ya ngozi

Pole sana, dada yangu. Kuambiwa kipele kando ya pua ni saratani ya seli za msingi (zile za chini kabisa katika tabaka la juu la ngozi), kisha ukawaza kovu, si kujipenda kupita kiasi. Uso ni wako. Aina hiyo ni nadra kusambaa mwilini, ila ukichelewa inazidi kuchimba na kovu linakuwa kubwa.

Muulize daktari kuhusu upasuaji wa Mohs: hukata tabaka kwa tabaka, kila moja ikipimwa kwa hadubini, hivyo ngozi isiyo na saratani haikatwi ovyo. Kama huwa unaota keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, mwambie mapema. Kidonda kikishafunga, paka jeli ya silikoni na losheni ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 kwenda juu. Kovu hufifia polepole, hata mwaka mzima.

Ukiona usaha au homa, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usingizi ukikukimbia, omba kuonana na mshauri nasaha.